Ukuta wa Magoti

Sogeeni karibu, wanangu, na kila mtu avute kiti akae, msinisimamie kama watu wanaongoja basi. Nimewaita mchana, nikiwa na akili timamu na sauti ya kutosha, kwa sababu wosia unaonong'onwa dakika ya mwisho kila mmoja huusikia apendavyo, na mimi sitaki mje mgombane juu ya nilichosema. Sikilizeni mpaka mwisho. Mwenye neno alishike kwanza. Mimi sina haraka, pumzi yangu ndiyo yenye haraka.

Nianze na lile mnalodhani silijui. Ndoo ya rangi nyeupe iliyofichwa ukumbini nyuma ya baiskeli, nimeiona. Na kikao chenu nimekisikia, maana ukuta wa chumba hiki niliujenga kwa mbao, kwa mikono yangu, na unene wake naujua. Wewe, mwanangu mkubwa, ulisema: "Mzee akishapumzika, ule ukuta wa karakana tunaupaka rangi, na hao watu wake tunawaaga kwa heshima. Karakana ibaki ya damu." Dada yako akasema chai wanayokunywa hao watu ingetosha wodi nzima ya hospitali. Na wewe, kitindamimba, ukaunga mkono, ukasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sikukasirika. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, mkadhani ni ugonjwa, mkaniletea dawa, nikainywa kwa adabu.

Lakini kabla hamjachovya brashi, yupo humu mkamwana wangu, mke wa kitindamimba, aliyeingia katika nyumba hii juzijuzi, na wapo wajukuu, na hawa wote wameiona ile mistari ya penseli ukutani mwa karakana bila kuambiwa ilitoka wapi. Nanyi mnaojua mnajua nusu. Kwa hiyo nitaisema yote.

Ukoo wetu ni wa watu warefu. Babu yenu aliinama kwenye kila mlango wa mji huu isipokuwa ile aliyoitengeneza mwenyewe. Ndiyo maana karakana yetu ya viti, ingawa ina bango lenye jina jingine, watu waliiita Kwa Milingoti na mpaka leo wanaiita hivyo. Enzi hizo ndani ya karakana hakuingia mtu asiye wetu. Alikuwapo babu yenu, walikuwapo ndugu zake, nilikuwapo mimi, na mdogo wangu ambaye kwenu ni baba mdogo, na binamu zetu, wote milingoti. Na kiti kilipomalizika utaratibu wake ulikuwa mmoja: kinawekwa katikati, kila mtu anakikalia kwa zamu, anaegemea, anakunja nne, anasema, "Safi." Wakishasema wote, kinapigwa vanishi. Hatukuona ubaya wa utaratibu huo, na nani angeuona?

Ikaja kazi ya zahanati ya uzazi, viti vya chumba cha kungojea. Wanangu, vile viti vilikuwa vizuri. Ulimi wa ubao umeingia tunduni bila msumari hata mmoja, egemeo limechongwa likafuata mgongo, ukipitisha kiganja unadhani ni kioo. Siku ya kufungua zahanati tukaenda sote kwa mavazi ya heshima, tukajipanga ukutani tungoje kusifiwa. Wakaingia kina mama, wakakaa. Wanangu, hakuna mguu uliogusa sakafu. Chumba kizima miguu inaning'inia, viatu vinaanguka kimoja kimoja, pa, pa, pa. Akatokea mama mmoja, mimba yake kubwa, anabembeza miguu kama mtoto, akamwita mkunga mkuu: "Shangazi, hapa tumekuja kuzaa au tumewekwa rafuni?"

Kicheko kile nadhani kilisikika barabarani. Viti vikarudishwa kwetu juu ya mkokoteni. Babu yenu akavipokea, akavipanga, akavikalia vyote, akaita ndugu zake nao wakavikalia vyote, wakakunja nne, wakasema, "Safi." Kisha babu yenu akatoa hukumu: "Viti havina kasoro. Kasoro ni ya hao wanawake."

Cheka tu, mkamwana, usijizuie, siku ile tu ndiyo haikuwa ya kucheka. Nyani haoni... mnaijua iliyobaki, na mbele ya wajukuu sitaimalizia.

Aliyefuatana na ule mkokoteni alikuwa mpiga taipu wa zahanati. Nasema mpiga taipu, na nanyi semeni hivyo, si "yule mama wa mashine." Mwalimu wetu wa useremala, katika shule ya ufundi ya wakati wa wakoloni, alikuwa mtu mkali asiyependa neno "kidude", ukiomba kidude ulichapwa, ukiomba patasi ulipewa patasi. Fimbo zake sizisifu, lakini somo nililichukua: ukikosea jina la chombo utashika kisicho, na ukikosea jina la kazi ya mtu umemwambia kwamba hukumwangalia. Basi yule mpiga taipu, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, akakaa kwenye kiti kimoja, miguu ikaning'inia, akanitazama mimi kwa sababu nilikuwa ndiye mdogo wa kutosha kuonewa, akasema, "Fundi, kiti hiki ni kizuri sana. Kizuri sana kukitazama."

Nikatoka nje kwanza, kisha nikarudi. Mnanijua, mimi si msemaji. Nikamwomba asimame kando ya ukuta, mwenyewe akaweka kidole usawa wa goti lake, nami nikapiga mstari wa penseli bila kumgusa, maana nilikuwa kijana mwenye haya na mama yenu alikuwa bado hajanikubali. Nikaandika pembeni: mpiga taipu. Tukakata miguu ya viti kwa mstari ule, babu yenu akiwa amegeuzia uso upande wa pili kama mtu anayechinjiwa mbuzi wake. Viti vikarudi zahanati, na kina mama wakakanyaga chini.

Mstari ule ndio wa kwanza. Ile mingine yote niliitafuta mwenyewe, na hapa ndipo nataka mfungue masikio, kwa sababu mnadhani baba yenu alikuwa na watu wengi kwa kuwa alipendwa tu. Nilikuwa sijui hata kumwamkia mtu nisiyemfahamu. Nilichofanya ni kujifunza swali moja, nikalitembeza mji mzima kama muuza sindano: "Kazi yako inakuuma wapi?" Wanangu, hakuna binadamu asiyekuwa na jibu la swali hilo, na hakuna anayechoka kulijibu. Dereva wa lori alinijibu kwa muda mrefu mpaka lori lake likapigiwa honi. Akaniambia kiuno chake kinaujua mji wote, shimo moja moja. Kinyozi akaniambia hakuna anayejua shingo ya kinyozi, yeye huinama siku nzima kwa sababu kiti cha mteja hakiinuki wala hakigeuki. Opareta wa simu, mtu asiyeona, alikuja karakana akageuza kiti chetu kilichokamilika, akapitisha vidole chini ya kikalio, akasema, "Huku mmeacha msitu." Tulikuwa hatujawahi kupiga msasa upande wa chini, kwani nani huangalia huko? Yeye huko ndiko alikoshika kila alipotaka kukisogeza. Tangu siku hiyo kiti cha Kwa Milingoti ni laini juu na chini, na mmekua mkidhani viti vyote duniani viko hivyo.

Kila aliyekuja alipewa chai, akapigiwa mstari wa goti, akaandikiwa kazi yake kwa jina lake. Hawakuwa wa dini moja wala wa lugha moja, wengine hata kwa rika hatukulingana, na wapo walioniudhi. Karani wa mahakama alikuwa mtu wa kiburi, chai yetu aliinusa kwanza kabla ya kuinywa. Lakini alikuwa akikuambia kweli kiti chako kikilia, na mtu anayekuambia kiti chako kinalia ni wa kuvumiliwa hata akinusa chai.

Mdogo wangu, baba yenu mdogo, hakuvumilia. Alisema nimeigeuza karakana ya baba yetu kuwa kituo cha mabasi. Tukagombana, na mtu mpole akigombana hugomba vibaya. Akahama na wanawe, akafungua karakana yake mtaa wa pili, wote milingoti. Anatengeneza viti vizuri kushinda vyangu, hilo nalisema bila kung'ata ulimi. Shida ni kwamba watu warefu mjini ni wachache, na karibu wote ni jamaa zake, na jamaa hukopa. Wanangu, ugomvi huo naufunga leo. Randa ya baba yetu iliyo juu ya kabati langu apelekewe yeye, na aambiwe kwamba kaka yake amesema hakuna mkono uliowahi kuisukuma vizuri kuliko wake. Mwambieni kwa maneno hayo hayo. Atajifanya hajasikia, rudieni.

Halafu vikaja viti vya plastiki. Ninyi wawili mlikuwa wadogo, mkubwa anakumbuka. Vilishushwa kutoka kwenye malori vimepangana kama sahani, mtu anavibeba kwa mkono mmoja, na karakana za viti zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Chama cha maseremala kikaitisha mkutano. Nilikwenda. Ukumbi umejaa, wote maseremala, wote wanajua jambo moja, kwamba hakuna kazi, na kila mmoja anamgeukia mwenzake kumwuliza kama amesikia kazi popote. Ilikuwa kama watu walioanguka shimo moja wakiulizana njia. Nikarudi karakana, nikawauliza wa ukutani. Opareta wa simu akasema kwao wanakaa kutwa nzima, na plastiki inawaunguza mgongo kwa jasho. Akamwambia mkubwa wake. Dereva akasema kuna kampuni inaunda mabodi ya mabasi na haina fundi wa viti. Kinyozi, ambaye kila mwenye kichwa hupita mikononi mwake, akasema ngoja, nami nikangoja, na kila wiki akanitumia mtu. Hivyo ndivyo karakana ilivyovuka. Na wewe binti yangu, unayelalamikia chai, chai ile ndiyo iliyokulipia shule ukajifunza kuhesabu majani yake.

Sasa niwaulize ninyi. Mwanangu mkubwa, mbele ya wote hawa, nitajie mtu atakayekwambia kwamba kiti chako ni kibaya.

"Mke wangu."

Huyo ni wa bure, kila mwanamume anaye. Mwingine?

"Baba mdogo."

Yeye husema hata kitanda hiki ni kibaya. Mwingine, ambaye hayumo katika picha ya harusi yako?

Mnaona? Anatazama viatu vyake. Usiiname, mwanangu, sikuulizi ili nikuaibishe, nakuuliza kwa sababu swali hili wateja hawatakuuliza, wao huenda zao tu. Na wewe kitindamimba usitabasamu. Najua utasema nini.

"Mimi nina mtandao, baba. Kila mwezi nahudhuria mikutano, nina kadi za watu tele."

Kadi zako nilikuomba unisomee juzi, umesahau? Ukanisomea mpaka nikasinzia. Wote mmesoma pamoja au karibu na pamoja, wote mna umri mmoja na suti ya rangi moja, wote mnanywa kahawa mahali pamoja mkiambiana habari mliyoisoma asubuhi. Ukiwapanga mstari kofia moja inawatosha. Kadi ni nyingi, mwanangu, mtu ni mmoja. Mimi sisemi uwatupe, rafiki hatupwi. Nasema uchukue msumeno pale karakana uutazame kwa makini. Meno yake hayakunyooka; hili limepindwa kushoto, hili kulia, hili kushoto, hili kulia, na ndiyo maana hupita ndani ya ubao. Upinde meno yote upande mmoja, uone. Utakata kombo, kisha utakwama, na utaulaumu ubao.

Nipeni maji kidogo. Hapana, nitashika mwenyewe.

Tufike kwenye rangi, maana naona mnatazamana. Mnangoja niseme ukuta wangu usiguswe. Mnafikiri nitalia. Wanangu, pakeni.

Pakeni ukuta wote, kutoka juu mpaka chini, mistari yote, na mkimaliza rudieni mkono wa pili. Yale magoti ni ya kwangu. Mpiga taipu sasa ana vitukuu. Opareta tulimzika, na ile mitambo yake ilitolewa kabla yake, leo ukiwaambia wajukuu hawa "opareta wa simu" wanadhani unataja mnyama. Kinyozi mikono inatetemeka, mteja mwenye akili hamkaribii. Mkiuhifadhi ukuta ule mtakuwa mnaupangusa vumbi na kuwaonyesha wageni, mkidhani mna watu, kumbe watu alikuwa nao baba yenu. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na hawakusema isipokuwa ya baba yako. Kwa hiyo ndoo mliyoficha itoeni hadharani, ni matumizi mema.

Ila ukuta mweupe haubaki mweupe. Hili ndilo sharti langu, na ndilo wosia wenyewe, mengine ni mapambo. Karakana ni yenu watatu, haigawanywi. Lakini kiti hakitoki mlangoni mpaka kimekaliwa na mtu ambaye si wa damu yetu, hakusoma nanyi, hali chakula mnakokula ninyi, na kazi yake si yenu. Na huyo akisema kibaya, ni kibaya, hakuna rufaa. Goti lake lipigwe mstari, kazi yake iandikwe kwa jina lake. Penseli nampa mkamwana, kwa sababu humu ndani ndiye pekee ambaye bado hajajifunza kusema "Safi." Msimcheke. Mkamwana, wakikuletea binamu, mfukuze.

Mwanangu mkubwa, nataka neno lako. Wadogo zako watafuata utakakokwenda, na mimi sitaki ndiyo ya kumridhisha mgonjwa. Ukikataa, kataa nikiwa nasikia, nitawapa mgawane mbao na mashine, kila mtu aende zake, na mlango ufungwe kwa amani. Sema.

Mbona anasimama? Anakwenda wapi huyu? Mwanangu... Mwacheni. Binti yangu, kaa, usimfuate. Mtu mzima hafuatwi. Alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, akiambiwa neno zito hutoka nje kwanza. Mimi pia nilitoka nje, siku ile ya mkokoteni.

Basi tuendelee na madogo. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku yake, na asiulizwe na mtu lini atahama. Saa yangu ya mfukoni apewe mjukuu mkubwa. Haitembei, ajifunze kuitengeneza au amtafute anayejua. Nina deni moja, la kiti. Nilimwahidi mkunga mkuu, yule wa zahanati, kiti cha kupumzikia uzeeni, na miguu ya kiti hicho imekatwa tayari, iko juu ya boriti imefungwa kamba nyekundu. Kimalizieni. Mpelekeeni mwenyewe, akikalie mbele yenu, na mngoje maneno yake. Ana maneno.

Siku ya kunizika... binti yangu, ukilia nitanyamaza, na bado nina maneno. Siku hiyo msiwapange watu kwa ukoo. Sitaki jamaa mbele na wengine jua kali nyuma. Mketisheni hakimu, kama atakuja, karibu na fundi viatu; mketisheni muuguzi karibu na mwenye duka. Waacheni waulizane kazi. Watazungumza, halafu watasahau kwamba mimi nimekufa, na hapo nitakuwa nimezikwa vizuri.

Nimechoka sasa. Inueni mto... hivyo. Asante.

Nawabariki. Wewe binti yangu, mikono yako isipungukiwe, na birika lako lisikauke. Wewe kitindamimba, Mungu akukutanishe na watu wasiofanana nawe, wengi, na akupe uvumilivu wa kuwasikiliza. Mkamwana, upate kizazi chema... cha urefu wowote. Wajukuu, kueni. Na yule aliyetoka... na yeye pia. Na yeye zaidi. Popote alipo, baraka imfuate, haihitaji kuitwa ndani...

Nani hao ukumbini? Nasikia jozi mbili za viatu. Vya mwanangu navijua. Vile vingine ni vizito.

Umerudi. Na huyo nyuma yako, mwenye mfuko wa vyombo... sogea kwenye mwanga, ndugu yangu, macho yangu hayana nguvu. Simjui. Wanangu, mnamjua? Mama yao, unamjua? Hakuna. Hakuna anayemjua.

"Shikamoo, mzee. Mwanao amenikuta pale jengo la benki, amenitoa kazini. Anasema kuna kiti alichotengeneza, amekaa nacho miaka na hakuna aliyekisema kasoro. Anasema nije nikiseme."

Marahaba, mwanangu. Kiseme. Usimwonee haya... Kazi yake, mwanangu mkubwa. Itaje. Sawasawa.

"Fundi wa lifti, baba."

Fundi wa lifti. Mnasikia... Maisha yangu yote, sijapata kuwa na fundi wa lifti...

Mkalisheni.